Matuta ya Matombo na Mchango wa Bima

Msafiri aishikaye barabara itokayo Morogoro kuelekea Kisaki, akiuzunguka ubavu wa mashariki wa Milima ya Uluguru, huyaona majabali mawili yaliyosimama sambamba mithili ya matiti ya mwanamke. Hayo ndiyo yaliyoipa Matombo jina lake katika Kiluguru. Ubavu huu wa milima hupokea pepo za Bahari ya Hindi pamoja na mvua zake, na kwa hiyo migomba, michungwa, mananasi, pilipili manga, mdalasini na mikarafuu hustawi humo. Vijito vyake huujaza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Ni nchi ya neema, ila neema yake haiji kila mwisho wa mwezi kama ijavyo mishahara. Huja kwa msimu, na msimu mwingine haiji kabisa.

Mwezi wa Julai mwaka 1955 Matombo ilitajwa katika nchi nzima. Utawala wa Kiingereza ulikuwa umeanzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, ambao uliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Kwa nadharia, wataalamu walikuwa na hoja. Udongo wa milimani ulikuwa ukichukuliwa na maji, na mito ikijaa tope. Lakini kulikata tuta la ngazi kwa jembe la mkono ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi udongo wa juu, wenye rutuba, ulifukiwa chini, na udongo wa chini usiozaa ukaletwa juu. Mkulima alitoa nguvu zake mwaka huu akaambiwa faida itaonekana baadaye; akavuna pungufu kuliko jirani aliyekaidi. Watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga huuzwa kwa fedha taslimu na kumrudishia mkulima jasho lake upesi, matuta ya ngazi yalidumu.

Kisa hiki chastahili kukumbukwa sasa, wakati Tanzania inapoitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Namba 13 ya mwaka 2023. Muswada wake ulifikishwa Bungeni mwezi wa Septemba 2022, ukaahirishwa, kisha ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Sheria hiyo yamtaka kila mkazi wa nchi awe na bima ya afya. Hapa pia wataalamu wana hoja, tena yenye nguvu zaidi kuliko ile ya matuta. Lakini mkulima wa Matombo, kama babu yake, ataambiwa atoe kwanza na faida itaonekana baadaye. Maoni yanayotolewa katika makala haya ni kwamba ulazima wa kujiunga hauwezi kutenganishwa na ruzuku ya mchango. Na kwamba ruzuku hiyo, ikipangwa kama ilivyokuwa ikipangwa katika mifuko iliyotangulia, itawafikia kwanza wasioihitaji sana.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuanza na hesabu, kwani bima ni tawi la hisabati kabla ya kuwa tawi la sheria.

Zichukuliwe kaya 10,000, na idhaniwe kwamba kila kaya ina uwezekano wa moja katika mia wa kupata mgonjwa wa kupasuliwa katika mwaka mmoja, na kwamba upasuaji huo hugharimu shilingi 600,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Wagonjwa watarajiwa ni 100, na gharama yao ni shilingi milioni 60, yaani shilingi 6,000 kwa kila kaya. Lakini maradhi hayafuati wastani. Mwaka mmoja watakuwa 93, mwaka mwingine 108. Hisabati ya uwezekano yaonyesha kwamba, pale tukio linapokuwa la nadra, kiasi cha kuyumba kwa idadi hukaribia kipeuo cha pili cha idadi itarajiwayo. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Kwa hiyo ni nadra wagonjwa kuzidi 120. Mfuko unaotoza shilingi 7,200 kwa kaya utaumudu hata mwaka mbaya kama huo.

Sasa ichukuliwe mifuko midogo, kila mmoja wenye kaya 100 tu. Mgonjwa mtarajiwa ni mmoja, na kipeuo cha pili cha moja ni moja. Mwaka mbaya wa namna ileile utaleta wagonjwa watatu, nao watahitaji shilingi 1,800,000. Ili kuwa salama, mfuko mdogo wapaswa kutoza shilingi 18,000 kwa kaya. Maradhi ni yaleyale, hospitali ni ileile, gharama ni ileile. Lakini usalama wa mwanachama wa mfuko mdogo wagharimu mara mbili na nusu ya ule wa mfuko mkubwa.

Mwalimu wa hisabati aweza kulithibitisha jambo hili darasani bila kifaa chochote isipokuwa gunia dogo la maharage. Zihesabiwe punje 99 nyeupe na moja nyeusi, zichanganywe, na kila mwanafunzi achote punje moja na kuirudisha. Kundi la wanafunzi 10 mara nyingi halitapata punje nyeusi hata moja, na mara moja moja litapata, bila kutabirika ni lini. Lakini machoto ya shule nzima, yakijumlishwa kwa wiki, yataanza kufuata utaratibu ambao kila mmoja ataweza kuukisia.

Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama na ambao ardhi yao imekuwa mikononi mwa koo hizo kwa vizazi vingi, walikuwa na bima yao kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Mgonjwa hubebwa kwa machela na ndugu zake, nauli huchangwa, shamba la aliyelazwa hupaliliwa na wajomba. Utaratibu huo ni wa heshima na haufai kudharauliwa. Kasoro yake ni ya kihisabati. Ukoo ni mfuko wa watu wachache, na wote huishi katika bonde moja. Mvua ikikatika, hukatika kwa wote. Maporomoko yakiikata njia, huikata kwa wote. Kipindupindu kikiingia kwenye kijito, wachangaji na wachangiwa huugua pamoja. Bima huhitaji matukio yasiyofungamana, na ndugu wa bonde moja wamefungamana kwa kila hali.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulikusudiwa kuipanua jamii hiyo ya kuchangiana. Baada ya miaka mingi ya matibabu yasiyotozwa ada katika vituo vya Serikali, utaratibu wa wananchi kuchangia gharama ulianza kuingizwa hospitalini mwaka 1993. Mfuko ulijaribiwa wilayani Igunga kuanzia miaka ya katikati ya 1990, na Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ikatungwa mwaka 2001. Kila halmashauri ilikuwa na mfuko wake, kujiunga kulikuwa kwa hiari, na mwanachama aghalabu alitibiwa katika zahanati au kituo alichojiandikisha tu. Msomaji aliyeifuata hesabu ya maharage ataiona kasoro mara moja. Mwaka 2011, mradi wa Tuimarishe Afya, uliosaidiwa na Uswisi, ulianza kuupanga upya Mfuko huo mkoani Dodoma, na miaka michache baadaye Morogoro na Shinyanga zikaingizwa. Waandikishaji walipita vijijini na simu za mkononi, wakaipiga picha kaya na kuiandikisha papo hapo; fedha zikaunganishwa katika ngazi ya mkoa. Mwaka 2018 Mfuko ulioboreshwa kwa namna hiyo ulienezwa nchini, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na mwanachama akaweza kupewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Hayo yalikuwa marekebisho ya kweli, na Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuyaonja.

Hata hivyo hiari ilibaki, na hiari ina hesabu yake. Kati ya zile kaya 10,000, tuseme nusu tu ndizo zijiungazo. Ni nusu ipi? Bila shaka ile yenye mtoto wa selimundu, mama mwenye shinikizo la damu, baba aliyekwisha kuambiwa na mganga kwamba atapasuliwa. Wazima hubaki nje wakisubiri. Ikiwa wagonjwa wote 100 wamo katika nusu hiyo, gharama ya wastani hupanda kutoka shilingi 6,000 hadi 12,000. Mchango ukipandishwa kufikia hapo, wale walio wazima kidogo miongoni mwa waliojiunga hujiondoa, na wastani hupanda tena hadi 24,000. Mfuko hujila wenyewe. Jambo hili halikubaki katika vitabu tu. Toto Afya Kadi, kadi ya watoto iliyotolewa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishwa mwezi wa Machi 2023, Mfuko ukieleza kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua na kwamba gharama zilikuwa zimeipita michango kwa mbali. Baadaye kadi hiyo ilirejeshwa kwa masharti mapya. Haifai kuwalaumu wazazi wale. Mzazi mwenye watoto wanne na fedha za kadi moja atamwandikisha nani kama si yule aliye mgonjwa?

Hapa ndipo ulazima unapopata haki yake. Kila mtu akiingia, mzima na mgonjwa, wastani hurudi kwenye shilingi 6,000. Na hapa pia ndipo ruzuku inapoonekana kuwa rahisi kuliko inavyodhaniwa. Serikali ikitaka mwananchi alipe shilingi 3,000 tu, na kaya zote 10,000 zimo, itaongeza shilingi 3,000 kwa kila kaya, jumla milioni 30. Lakini ikiwa ni nusu tu waliojiunga, yaani wale wagonjwa, kila kaya itagharimu 12,000. Ili walipe 3,000, Serikali itapaswa kuongeza 9,000 kwa kaya 5,000, jumla milioni 45. Kuwasaidia wachache kwahitaji fedha nyingi kuliko kuwasaidia wote. Sheria ya kuwalazimisha watu kujiunga huipunguzia Hazina gharama. Na ruzuku, kwa upande wake, huufanya ulazima utekelezeke bila polisi. Ukitolewa mmoja, mwingine huanguka.

Swali lililobaki, nalo ndilo lenye uzito, ni ruzuku impitie nani na kwa kipimo gani.

Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ruzuku ilijulikana kwa jina la tele kwa tele. Serikali iliahidi kuongeza shilingi moja kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi, na halmashauri ziliomba fedha hizo kwa kupeleka hesabu za michango yao. Kwa mtazamo wa kwanza utaratibu huu ni wa haki na unatia moyo: ajisaidiaye husaidiwa. Lakini ziwekwe halmashauri mbili za mfano zenye idadi sawa ya watu. Ya kwanza iko kandokando ya barabara ya lami, watu wake wana mzunguko wa fedha, na kaya 10,000 zimechanga 30,000 kila moja. Imekusanya milioni 300, nayo hupewa milioni 300 nyingine. Ya pili ni ya milimani. Zimejiunga kaya 2,000. Imekusanya milioni 60, nayo hupewa milioni 60. Idadi ya wajawazito, watoto na wazee ni sawasawa. Pengine malaria na utapiamlo ni zaidi katika ile ya pili. Lakini fedha za umma zimekwenda mara tano zaidi kwenye ile ya kwanza. Ruzuku iliyofungwa kwenye mchango humfuata mwenye uwezo wa kuchanga. Kisha, kwa kuwa halmashauri ya pili ilipata kidogo, zahanati zake zikakosa dawa. Kwa kuwa hazikuwa na dawa, watu waliona kadi haina maana. Mwaka uliofuata wakajiunga wachache zaidi, na ruzuku ikapungua tena. Hakuna aliyekusudia ubaya huo. Ni matokeo ya kanuni yenyewe, kama vile udongo wa chini ulivyokuwa matokeo ya tuta.

Kuna na ruzuku nyingine ambayo haitajwi kwa jina hilo. Kwa Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ya mwaka 1999, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2001, mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri, yaani Serikali, huongeza asilimia 3. Mwalimu wa mfano anayelipwa shilingi 700,000 kwa mwezi hutoa 21,000, na Hazina humlipia 21,000 nyingine. Kwa mwaka Hazina imetoa shilingi 252,000 kwa ajili yake, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mkulima jirani yake, mwenye kaya ya watu sita vilevile, alipolipa 30,000 katika Mfuko wa Afya ya Jamii, aliahidiwa kuongezewa 30,000. Yafaa isemwe kwa uadilifu kwamba mchango wa mwajiri ni sehemu ya ujira, na kwamba mwalimu hukatwa kodi kila mwezi asiyoweza kuikwepa. Lakini wasemao kwamba wakulima wanataka kubebwa na Serikali wangefanya vema kuitazama hesabu hii kabla ya kusema.

Sheria mpya inaahidi njia tofauti. Yakubali kwamba wako wasio na uwezo, na kwamba michango yao italipwa kutoka katika mfuko maalumu. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, na tozo za bima za vyombo vya moto na miamala ya kielektroniki, kwa viwango vitakavyowekwa katika sheria za fedha. Hili ni jambo jema. Ghana, ilipotunga sheria yake mwaka 2003, ilianzisha tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, na chanzo hicho ndicho kilichokuwa nguzo ya mfuko wake. Sheria ya mwaka 2001 ya Tanzania ilizipa kamati za afya za kata uwezo wa kumsamehe mchango mtu asiyejiweza, kwa mapendekezo ya kijiji, lakini hapakuwa na fungu la uhakika la kuujazia Mfuko pengo hilo. Kila msamaha ulikuwa hasara ya zahanati. Si ajabu kamati nyingi zilikuwa na mkono mzito. Fungu lenye chanzo chake laondoa uchoyo huo.

Walakini kuna kingo ambayo sheria hii yaweza kuiacha, na kaya nyingi za Matombo zimesimama juu yake.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, una orodha zake za kaya maskini, zilizoanza na majina yaliyotajwa katika mikutano ya vijiji na kuhakikiwa kwa maswali juu ya nyumba, mifugo na vyombo. Orodha hizo ni msaada mkubwa, kwani bila orodha hakuna ruzuku. Lakini orodha ni kisu: hukata. Aliye upande huu hulipiwa mchango wote. Aliye upande ule, akiwa amezidi kwa mbuzi wawili na paa la bati, hulipa wote. Mjane mwenye migomba mia na mjukuu mmoja anayesoma sekondari huenda asitajwe na kijiji kuwa maskini, na kwa kweli mwenyewe hatapenda kutajwa. Tuseme fedha taslimu zipitazo mkononi mwake kwa mwaka ni shilingi 600,000. Mchango wa 30,000 ni asilimia 5 ya fedha hizo. Kwa mfanyabiashara apataye milioni 6, mchango uleule ni nusu ya asilimia moja. Na viwango vilivyotajwa hadharani muswada ulipokuwa ukijadiliwa vilikuwa mara kadhaa ya hizo 30,000. Mwanafunzi akichora grafu ya mchango dhidi ya pato, ataona mstari ulio kwenye sifuri, kisha ukaruka ghafla kama ukuta, kisha ukalala tambarare hadi mwisho. Ukuta huo ndio unaomngoja mjane.

Grafu hiyo yaweza kuchorwa vingine. Rwanda, mwaka 2011, iliacha mchango wa kiwango kimoja ikaweka ngazi tatu, faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa mtu, kufuatana na makundi ya ubudehe yaliyopangwa vijijini, na maskini wakalipiwa. Haikuwa rahisi, watu wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi lisilo lao. Kenya, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya pato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali juu ya hali ya kaya yake. Huko nako makadirio yamezua manung'uniko mengi. Yamkini hakuna njia ya kumpima mkulima itakayokubaliwa na kila mkulima. Lakini makosa ya ngazi ni madogo kuliko makosa ya ukuta. Aliyewekwa ngazi moja juu ya anayostahili hupunjwa shilingi elfu chache. Aliyewekwa upande usio wake wa ukuta hukosa bima.

Kwa hiyo marekebisho yanayohitajika, ama katika kanuni au katika sheria yenyewe, ni kuiwekea ruzuku ngazi: kaya iliyo katika orodha ya maskini ilipiwe yote, zinazoifuata zilipiwe sehemu kubwa, kisha nusu, kisha robo. Na fedha za ruzuku zihesabiwe kwa vichwa vya watu na mzigo wa maradhi wa kila halmashauri, wala si kwa michango iliyokwisha kukusanywa. Wapinzani watasema gharama itakuwa kubwa. Itakuwa kubwa, lakini hesabu ya milioni 30 na milioni 45 yapaswa kuwekwa mbele yao. Wengine watasema kijiji kitadanganya kuhusu ngazi. Baadhi watadanganya. Wako na waajiri wanaotaja mshahara pungufu, na hakuna aliyependekeza kwa sababu hiyo kuuvunja Mfuko wa Taifa.

Jambo jingine ni majira, nalo laweza kurekebishwa hata bila Bunge. Mkulima wa viungo na matunda huwa na fedha miezi michache tu. Mwandikishaji akifika wakati wa masika, njia zikiwa utelezi na ghala likiwa tupu, atajibiwa hapana na mtu ambaye miezi kadhaa baadaye angejibu ndiyo bila kusita. Mchango waweza kupokelewa kidogo kidogo kwa simu, au siku ya mnada wa pilipili manga, au kupitia chama cha ushirika kinachonunua mazao. Kaya ipewe kinga tangu malipo ya kwanza.

Na mwisho ni upande wa zahanati. Sera ya afya huwasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Watu wa vijijini wanaujua msamaha huo, na wanajua pia maana ya kusamehewa malipo ya dawa ambayo haipo. Mwenye kadi akiambiwa akanunue dawa dukani, amelipa mara mbili: mchango na bei. Akipewa rufaa kwenda Morogoro mjini, kadi yake hailipi nauli ya gari wala chakula cha ndugu amsindikizaye. Hizo nazo ni gharama za bima kwa mtu wa milimani, na ruzuku isiyozihesabu imepima nusu ya safari. Yafaa kila zahanati ibandike ukutani, kwa wino mkubwa, orodha ya dawa ambazo mwanachama anastahili kuzikuta, pamoja na kiasi cha fedha za bima kilichoingia na kilichotumika katika robo mwaka. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuzijumlisha tarakimu hizo, na wazazi wao watakaa kusikiliza jumla.

Wazee walioyaona matuta ya 1955 ni wachache sasa. Katika miteremko mingine ya Matombo ngazi zao bado zaweza kutambulika kwa jicho la mtu aliyeonyeshwa, zimeota majani, na migomba imepandwa humo bila kuyafuata.